Onyo la Mstari wa Arobaini na Moja

Sangara wa Nyanzobe alikuwa kilo ishirini na saba na nusu.
Mshale wa mizani ulisema hivyo, wapagazi wawili waliuona,
naye mwenyewe aliinama akausoma,
kanga ya kiunoni imelowa maji ya barafu.
Risiti ikatoka kwa mlio wa panya:
Uzito: 0.

Aliyemfuata, kilo thelathini na saba nukta nne,
akaandikiwa milioni mia nane hamsini na nane
na chenji zake.
Mwalo mzima wa Kirumba ukacheka.
"Huyo samaki," mtu akasema, "kameza kisiwa cha Saanane."
Nyanzobe hakucheka.
Sifuri haimchekeshi mtu aliyeamka saa tisa za usiku.

Programu niliiandika mimi.

Nikafungua kompyuta juu ya kreti,
magamba yakinigandia vidoleni,
nikashuka mpaka mstari wa arobaini na moja:

      printf("Uzito: %d\n", uzito);

Naye begani kwangu, pumzi ya tangawizi:
"Na hiyo asilimia? Anakatwa nani?"

Si makato, mama. Ni nafasi.
Umewahi kupanga ndoo bombani Igogo,
maji hayajatoka, wenyewe mmerudi kulala?
Alama ile ni ndoo iliyoachwa foleni,
na herufi ya ubavuni inasema inamngoja nani:
d inangoja namba nzima,
f inangoja namba yenye nukta,
s inangoja jina.
Niliweka ndoo ya nzima, nikaleta uzito wenye nukta.
Printf haiulizi. Huchota kipimo ilichoambiwa;
kwenye mashine kuukuu kama hii, nusu ya chini tu,
na ishirini na saba na nusu, huko chini, ni utupu.

"Na hakuna aliyekuona?"

Hapo nikameza mate.
Kompaila iliniona.
Kabla programu haijawa programu, ilisoma sentensi yangu,
ikahesabu ndoo, ikahesabu wanaozijia,
kama Mwalimu Bahitwa, kidato cha pili,
akigonga dawati kwa kidole, silabi kwa silabi:
"Ubeti wa tatu, mshororo wa pili, mizani kumi na tano.
Moja imekwenda wapi, Milembe?"
Hakusema kama shairi ni zuri. Hakujali.
Aliona pengo, basi.

Nayo ilisema, kwa rangi ya zambarau, kwa adabu:
onyo, hapa pameahidiwa namba nzima, iliyoletwa ina nukta.
Mafuru, mwenye mashine, anawahi kivuko cha Kamanga,
funguo mkononi: "Onyo si kosa. Imekubali? Weka."
Nikaongeza herufi moja kwenye amri, ile ya kuinyamazisha,
na ukimya ule, nakiri, ulinipendeza.

Mchana ule nilibadili d ikawa f.
Nikafuta kinyamazisho, nikaandika amri kali:
kila onyo lihesabiwe kosa.
Yakafumuka kumi na tisa.
Jina la mvuvi limeitwa kama namba.
Ndoo tatu, wachotaji wawili.
Na pale nilipoandika makato 2%,
asilimia ya kweli safari hii,
kompaila ikaniuliza hiyo ndoo ni ya nani.
Nyanzobe akaniuliza hilohilo.

Kuna pasipoonekana, lakini.
Mafuru sasa anataka maneno ya risiti yakae kwenye faili,
ayageuze mwenyewe apendavyo, bila kuniita.
Sentensi ikitoka nje ya programu
kompaila inabaki kama Mwalimu Bahitwa
aliyepewa bahasha iliyofungwa asahihishe.
Nimekataa mara mbili. Ya tatu sijui.

Nyanzobe alilipwa siku ya nne.
Risiti ya sifuri kaibandika kwenye friji lake,
na hapokei karatasi tena bila kusoma kwa sauti:
mshale kwanza, halafu karatasi,
halafu mshale.