Mstari wa Mia Mbili Kumi na Tatu

Kabla ya kisu, milimita nne.
Nilizipima mimi, Igarashi wa chumba cha eksirei,
mbele ya pingili ya tatu ya shingo,
pale nyama laini inapojilaza juu ya mfupa,
nyembamba kama utando wa uji uliopoa.

Nje, mji wa Nagaoka ulikuwa umezama thelujini,
magari yameota nundu nyeupe,
na mzee Hatakenaka, miaka sabini na moja,
aliyepanda mapaa ya watu tangu ujanani na beleshi lake,
hakuweza tena kufunga kifungo cha shati.
Mfupa ulikuwa umeota ndani ya shingo, ukimkaba neva.

Daktari Mizuochi alipitia mbele,
akalisogeza koromeo kando kama pazia.
Pingili nne, bamba moja, skrubu nane,
kazi ya saa nne na dakika ishirini.
Niliziandika nazo, maana jedwali letu halishibi:
umri, uzito, sigara, damu iliyomwagika.
Wagonjwa mia mbili kumi na wawili waliotangulia
wamesagwa wakawa unga,
unga umekandwa ukawa namba,
na namba ikasema: kumi na tano, siku ya tatu.
Kumi na tano, koo huvumilia.

Asubuhi ya pili alininong'oneza, sauti kokoto tupu:
"Binti, utapanda hadi ngapi huu uvimbe?"
Nikamwambia.
Akacheka kwa macho, shingo imo ndani ya kola.
"Mimi nami nilikuwa na ufito wa mwanzi,
nimeuchonga alama. Nauchomeka thelujini, nasoma, nasema:
paa hili litangoja hadi Jumamosi.
Kwa kina Sekizuka nilisema Jumamosi.
Ijumaa usiku mvua ikanyesha juu ya theluji.
Ufito haujui uzito, binti. Unajua kimo tu."

Akanyamaza. Akameza mate, mara mbili,
kama mtu anayepandisha gunia ngazini.
"Waliolala ndani ndio hujua. Boriti haijalia bado,
lakini mlango wa kuteleza
unaanza kukwama kwenye reli yake."

Sikuliandika hilo.
Jedwali halina safu ya milango.

Usiku wa tatu. Picha ya jioni: kumi na nne.
Namba yetu ilitembea vizuri, nami nikatembea nayo,
nikanywa kahawa ya mashine, nikaiona tamu.
Saa tisa usiku niliitwa na mtambo wangu wa magurudumu.
Hewa kwenye damu tisini na sita, akasema nesi Honma,
homa hana, rangi nzuri, ila hataki kulala.

Hakutaka kulala.
Alikuwa ameketi, kidevu mbele, mate yakimchuruzika,
na hakusema neno.
Aliinua mkono, ule ule ulioshindwa na kifungo,
akashika hewani kitu nisichokiona
akakivuta kando.
Akavuta.
Akavuta tena.
Hakikwenda.

Nilimwita Mizuochi kabla sijapiga picha,
jambo ambalo si kazi yangu na nililiombea radhi.
Picha tuliipiga baadaye, bomba likiwa limeshapita
kwa jasho na kwa jaribio la tatu:
kumi na tisa.
Akinawa mikono, Mizuochi aliongea na bomba la maji, si nami:
"Nusu saa nyingine, nisingepata njia."

Siku ya nane bomba lilitoka.
Alichouliza kwanza ni nani anayelisafisha paa lake.

Sasa jedwali lina mstari wa mia mbili kumi na tatu.
Utabiri, kumi na tano. Kipimo, kumi na tisa. Tofauti, nne,
milimita zile zile alizokuja nazo.
Na kwenye safu ya maoni, ambako huwa tunaandika "hakuna",
niliandika: mlango.

Mtu wa takwimu kutoka Tokyo amenipigia simu mara mbili
kuuliza ni mlango gani.