Siku za Nje

Kadi nimeiweka katika kidaka cha tatu,
kati ya mrashi na miwani ya mama.
Ina picha yangu ya mwaka ule, shingo imezama kwenye skafu,
na neno moja refu la kwao
ambalo maana yake ni daima.

Daima yao ina masharti.
Barua ya wakili nimeisoma hadi mikunjo ikatoboka:
ukikaa nje mwaka mzima mfululizo
tutahesabu kuwa umehama.
Hakusema nimehamia wapi.

Leo ni siku ya mia tatu na kumi na nane.
Nahesabu kwa kalenda ya duka la dawa la Langoni.
Mwezi wa Ramadhani niliuhesabu mara mbili,
nikalia; nilipokosoa nikapata siku ishirini na tisa za bure,
kama aliyeokota noti mfukoni mwa buibui la zamani.

Nilikuja kwa wiki tatu tu.
Mama alikuwa ameanguka ngazini.
Nyonga iliunga. Akili haikuunga.

Bwanamkuu, ndugu yangu, hupita jioni na mkate wa mofa,
akasimama dakani, havui viatu.
"Rudi. Karo ya watoto inatoka kwenye hiyo kadi.
Mama tutamwangalia."
Hiyo "tu" naijua: ni mkewe,
na mkewe ana wanne na mimba.

Kule kazi yangu ilikuwa kuosha mama za watu.
Yule wa chumba namba sita, nikimkata kucha,
aliniita kwa jina la bintiye
aliyekuwa akileta maua kwa posta.
Nilimlaumu binti huyo kimoyomoyo,
nami mwisho wa mwezi nikituma pesa kwa simu.

Jana nilimwogesha mama uani.
Akanishika kifundo cha mkono, akauliza
kwa adabu ile wanayowekewa wageni:
"Mwanangu, wewe ni wa nyumba gani?
Au umekuja na boti ya Mokowe?"
Wa nyumba hii, nikamwambia.
"Aa. Hapa palikuwa na binti mmoja.
Alisafiri. Chumba chake tumetia makasha."

Miaka kumi na mmoja.
Kwa huku hakuna aliyeniandikia barua ya onyo.

Alfajiri nikamkuta amesimama kidakani, anatafuta miwani.
Ameishika kadi, ameisogeza puani.
"Huyu!" akasema. "Huyu ndiye."
Nikanyoosha mkono. Akaurudisha
kama anavyorudishwa mtoto mdokozi.
Akaifunga kwenye pindo la leso, mafundo mawili,
na usiku kucha namsikia akilipapasa.

Mia tatu na kumi na tisa.