Mstari wa Minyaa

Walitaka mtu mmoja mwenye kundi O.
Nikatoa kadi, imekunjamana kwenye pochi
tangu mafunzo ya mgambo, Nachingwea.
Sikuuliza kwanza ni ya nani hiyo damu.

Ilitua kwenye uwanja wa shule, Nanjirinji,
mahali pekee palipobaki pakavu.
Goli la upande wa choo likaanguka,
mabati matatu ya darasa la nne yakaruka
yakashukia mihogo ya mwalimu Likwenje,
naye, sijui kwa nini, akapiga makofi.
"Helikopta!" wakasema watoto.
"Ndege!" wakasema wengine, wakataka kupigana.

Ndani hakuna dirisha la kuegemea.
Kiti ni wavu, unakaa ubavu
kama gunia la korosho lililokataliwa ghalani.
Koplo Nyagawa akanifunga mikanda minne,
akanivisha vizibo vya masikio,
akaonyesha mfuko wa karatasi, kisha kinywa chake.
Nikaelewa.
Tone la mafuta likaangukia shati langu la Ijumaa.
Nikamwonyesha. Akacheka, akaniandikia kiganjani kwa kalamu:
IKIVUJA, YANAYO. IKIKAUKA, OGOPA.

Na miguuni pangu, kwenye machela,
Chinguile.
Boriti ilimwangukia usiku wa maji;
paja limefungwa kitenge cha mkewe, Somoe,
na kitenge kimeshabadili rangi.
Miaka kumi na mmoja hatusalimiani.
Mikorosho saba. Baraza la kata mara nne,
Kilwa Masoko mara mbili,
nauli peke yake ingetosha kununua miche mingine.

Tukapanda wima, kama ndoo kisimani.
Tumbo langu lilibaki uwanjani na watoto.
Halafu mngurumo ukabadili sauti:
mapangaboi mawili, moja kila ncha ya bawa,
yakaanza kuinama mbele, polepole, pamoja,
kama maamuma wawili wanaokwenda rukuu,
na kilichokuwa kikining'inia
kikawa kinakimbia.
Goti langu likasukumwa begani kwa Chinguile.
Likakaa hapo. Hakulisukuma.

Mlango wa nyuma uliachwa wazi nusu.
Dunia ikatuacha kinyumenyume:
Mbwemkuru, pana, rangi ya chai ya maziwa,
paa la msikiti, paa la ghala la chama,
ng'ombe mmoja juu ya kichuguu,
halafu shamba letu.
Letu, nimesema. Ulimi umeteleza.

Kutoka chini, mstari wa minyaa umenyooka.
Nimeutembea tangu sijavaa kaptura,
nimeula kiapo, umenyooka, mbele ya mwenyekiti.
Kutoka juu, wallahi, unapinda.
Ukifika kwenye ile saba unatoka nje
kama mkono uliofikia sahani ya jirani,
unaizunguka, unarudi.
Na majani yaliponyeshewa vile yalionyesha kitu kingine:
ufito mweusi ardhini, visiki vya minyaa ya zamani,
umenyooka kweli,
umeiacha ile saba upande wa pili.

Baba alikuwa mtu wa jembe la alfajiri.
Hatukumuuliza alikokuwa.

Nilimtazama Chinguile. Macho yake yako juu,
kwenye nyaya na mabomba. Hakuona.
Nikafungua kinywa.
Kelele ile, hata ungeadhini usingejisikia.
Koplo akadhani nataka kutapika, akanisogezea mfuko.
Nikaupokea, nikaushika kwa mikono miwili
mpaka Lindi.

Muuguzi akanifunga mpira juu ya kiwiko.
Nyuma ya pazia walikuwa wanakata kitenge,
mkasi unasikika.
Chupa moja inatosha, akasema, umri wako huu.
Nikamwambia chukua na ya pili.
Akakataa, akaandika, akauliza bila kuinua kichwa:
Mgonjwa ni nani wako?
Nikafikiri.
Saba, nikasema.
Akanisogelea sikioni, akarudia swali kwa sauti kubwa,
akidhani ni ule mngurumo bado haujanitoka.