Wati Moja

Thembo, kabla hujafunga kamba za mzigo
nipe hiyo redio.
Unaona kitufe hiki cha pembeni, kilicholika kwa kidole changu?
Juu ni wati tano. Chini ni moja.
Iache chini.

Najua, kijana hupenda juu.
Hata mimi, msimu wangu wa kwanza, nilipanda na tano
kama mtu mwenye viatu vipya anayetafuta sakafu ya mbao.
Nilimsalimu Ithungu kule ofisini Kilembe
asubuhi, mchana, na kila nilipomwona ndege wa mkia mrefu.
“Ithungu, umeamkaje? Huku mvua. Ova.”
Naye: “Mvua naiona. Ova.”

Siku ya tatu betri ikalia, tii, tii,
kifaranga kilichokanyagwa,
ikazima.
Na huku juu jua ni mgeni wa haraka:
huchungulia mlangoni, huuliza hali, haketi.
Sola niliianika mgongoni mwa mzigo kutwa nzima
ikavuna ukungu.
Masika, mpishi wetu, mzaliwa wa Katwe, alicheka hadi mwiko ukamdondoka:
“Wewe umetia chumvi yote kwenye chungu cha kwanza!”

Basi sikia. Mlima hauna masikio ya kelele.
Ukiwa bondeni, na jabali limeketi kati yenu,
tano itagonga mwamba na kufia pale pale ilipofia moja,
ila ya tano imekufa na betri yako.
Ukiwa ukingoni, Kasese ikimeta chini kama bati jipya,
moja yatosha. Inateremka yenyewe.

Mwezi wa tano ule, Mbusa, mbeba mizigo,
alianza kutapika kambini, midomo buluu,
akaniita kwa jina la kaka yake marehemu.
Usiku. Mvua ya barafu. Betri kijiti kimoja.
Kidole kikapanda chenyewe hadi tano.
Nikaita. Nikaita.
Nikajibiwa na mchakacho wa majani makavu,
na kijiti kikaanza kupepesa.

Nikazima.
Hapo, Thembo, ndipo paliponishinda kuliko kupanda:
kuiachia kamba nikiwa majini.
Nikachomoa betri, nikaitia kwapani, chini ya sweta mbili,
maana baridi nayo ina kiu ya umeme.
Nikamwachia Masika mgonjwa, nikashika njia ya ukingoni.
Tope lilinyonya buti za mpira, likizirudisha kwa shingo upande,
na zile lobelia ndefu zikinipapasa usoni gizani
kama watu wanaotaka kujua ni nani.
Hatua sikuzihesabu.
(Nilirudi siku nyingine kuzihesabu. Mia mbili na kumi na moja.)

Juu, upepo ukitaka kunivua kofia,
nikarudisha betri yenye joto la mwili wangu,
nikashusha kitufe.
Wati moja. Maneno sita, niliyoyapanga njiani:
“Mbusa mgonjwa. Tunashuka naye. Tumeni machela.”

Ithungu hulala na redio mtoni.
Akajibu kama yuko chumba cha pili:
“Nimekupata. Safi.”
Kisha, hata yeye, akanyamaza ili kijiti changu kipumzike.

Mbusa yu hai. Anauza kuku Kasese,
na bado ananidai buti la kushoto lililobaki kwenye tope.

Sipingi tano. Ipo siku utaihitaji,
ndiyo maana waliiweka.
Lakini jua hili: kusikiliza hakuli sana,
kinacholamba betri ni kusema.
Na kabla hujapandisha sauti, jaribu kupandisha miguu.

Haya, nenda, mawingu yanafunga.
Ukifika ukingoni niite,
mara moja tu,
na usinihadithie mvua.
Naiona.