Milimita Ishirini na Mbili

Boti huanza maisha kifudifudi.
Yetu ililala juu ya farasi wa mbao, mgongo hewani.
Nje, Hanko ilikuwa chini ya theluji ya Februari,
bahari imeganda, mtu angeivuka kwa baiskeli,
na ndani ya banda, kando ya jiko la mafuta,
tulikuwa tunapiga randa.

"Hapa," alisema Torborg, kiganja chake kikitembea
kutoka omo hadi tezi, macho kayafumba,
"baba alipenda tumbo. Mpindo kama wa ndizi.
Siku ya upepo mchovu tumbo ni zuri:
maji machache yanaligusa, linageuka upesi kwenye boya.
Upepo ukikaza, linakaa shimoni."

Shimo gani, baharini?
Akajaza karai, akasukuma kipande cha sabuni.
"Tazama. Wimbi moja mbele, moja nyuma,
na katikati bonde ulilolichimba mwenyewe.
Kadiri unavyokaza mwendo, bonde linarefuka,
tezi inadidimia, omo inatazama mbingu,
unapanda kilima ulichokizaa.
Wengi huishi humo hadi mstari wa mwisho."

Dawa?
Theluthi ya nyuma iwe bapa kama sinia,
tezi pana, ukingo mkali,
ili maji yakifika pale yaachie,
yaondoke bila kuaga,
yasipate mviringo wa kung'ang'ania.
Kifua kiachwe chembamba, wimbi lipasuke, lisitupige kofi.
Na uzito: kila gramu ina mdomo.
Alipima bawaba. Alinipima hata mimi,
kilo hamsini na moja, na buti.

Tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Naye ngama ndiyo aliyokuwa akiipunguza.

Kaka yake, Henning, alichungulia, kikombe mkononi.
Alikuwa anaunda yake kwa mchoro uleule wa baba,
bila kugusa mstari.
"Umeondoa kiasi gani?"
"Milimita ishirini na mbili."
Akacheka puani. "Umempiga marehemu randa."

Julai. Duru mbili za kwanza, upepo pumzi ya mgonjwa.
Ubapa wetu ulinata majini kama kiatu kwenye lami ya moto.
Henning alitupita akimenya chungwa.
Maganda nayo yakatupita.

Duru ya tatu, kusini-magharibi,
maji yakaota manyoya meupe.
Tulizunguka boya la juu tukiwa wa tisa.
"Nyuma," alisema Torborg. "Nyuma, mtoto!"
Nikajiburuta hadi karibu na usukani,
buti kwenye mkanda, mgongo juu ya mawimbi,
na kwa muda hakuna kitu:
kilima kilekile, bonde lilelile,
usukani mzito kama punda aliyegoma.
Kisha akavuta kamba mara moja, kwa mkono mzima,

sauti ikakata.
Lile nung'uniko la nyuma, kama mtu anayesukutua,
likakata.
Usukani ukawa mwepesi kama kijiko.
Omo ikashuka, maji yakafunguka mbavuni,
na nyuma yetu hapakuwa na bonde tena, ni mstari tu
ulionyooka, kama aliyechana kitambaa kipya.
Mbao zilizorandwa Februari
zilikuwa zinaranda.

Tuliwapita sita. Wa saba alikuwa Henning,
kaketi katika shimo lake zuri la urithi,
akitazama mawingu.
Halafu tukapinduka, mita mia kabla ya mstari,
kwa sababu nilikuwa nacheka, sikuuona upepo ukija.
Tulimaliza wa kumi na nne.

Usiku niliona mwanga wa simu gatini.
Henning, amepiga goti nyuma ya boti yetu,
anapitisha dole gumba kwenye ukingo wa tezi,
polepole, kushoto kwenda kulia,
mpaka akajikata.
Akalinyonya dole. Hakusema neno.

Novemba, jalidi ya kwanza dirishani,
aliingia bandani bila hodi.
"Randa ile ndogo," alisema. "Unaitumia?"