Kwa Kina

Kazi yangu ni kufungua bahasha.
Ghorofa ya tatu, Truro, dirisha linalotazama maegesho ya magari,
mvua ya Cornwall ikinyesha ubavuubavu kama haijui njia.
Nina kisu cha shaba, muhuri wa IMEPOKELEWA
na masanduku matatu ya plastiki: Rufaa, Usafiri, Mengineyo.
La Usafiri limejaa hadi mfuniko haufungi.

Wanaoandika ni wazazi.
Baba mmoja wa Bude: bintiye anatumia kiti cha magurudumu,
shule aliyopangiwa ina ngazi kumi na tisa.
Amezihesabu. Ameambatisha picha ya kila ngazi.
Bibi wa Redruth: mjukuu yuko nyumbani mwezi wa kumi na nne,
"anajifunza rangi kwa kunitazama nikianika nguo."
Nikagonga muhuri.
Nikagonga muhuri.

Halafu yuko Loveday Trenoweth.
Huyu huandika kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi,
karatasi ya mistari iliyochanwa daftarini,
mwandiko wa mtu aliyejifunga kibwebwe.
Mwanawe Jory ana miaka tisa. Hasemi, ila anahesabu:
vijiko, nguzo za taa, pumzi za mbwa aliyelala.
Shule tuliyomtajia iko maili thelathini na moja;
anashuka kwenye teksi ametapikia kola yake,
na hapo hapo kengele inalia.
"Ni kengele," aandika. "Siwasemi walimu, walimu ni watu wema.
Kengele ile inamwingia kama msumari,
naye hukaa chini ya meza mpaka saa sita
akihesabu miguu."

Barua yake ya kwanza ilianza *Waheshimiwa*.
Ya sita, *Kwa anayehusika*.
Ya kumi na moja haikuanza na lolote,
iliuliza tu: "We unayesoma, una masikio?"

Ninayo.

Jibu letu liko tayari ndani ya kompyuta,
linasubiri jina na tarehe:
*Tumelitafakari suala lako kwa kina.
Shule iliyotajwa inakidhi mahitaji ya mtoto.*
Kukidhi. Neno hili silijui nyumbani kwangu.
Chakula hushibisha, blanketi hutia joto,
sina kitu hata kimoja kinachokidhi.

Alhamisi nilichukua likizo ya siku moja,
nikamwambia msimamizi wangu, Bwana Curnow, kwamba ni jino.
Nikapanda basi mpaka Helston,
nikasimama nje ya uzio, upepo umenipindua mwavuli.
Saa tatu kasorobo.
Ikalia.
Shakwe wote wakaruka kutoka paani.
Mwanamke aliyepita na mbwa hakugeuka, amezoea.
Mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili,
nikajikuta nimeushika uzio kwa mikono yote.
Teksi nyeupe ilikuwa imesimama langoni, mlango wazi,
hakuna aliyeshuka.
Dereva alichukua tambara, akaanza kufuta kiti.
Sikuuliza jina la mtoto.
Ningeuliza ili iweje?

Ijumaa, Curnow: jino vipi?
Nikamwambia bado linauma.

Shule hupangwa ghorofa ya tano,
na watu ambao majina yao hutufikia sisi
kama herufi mbilimbili chini ya waraka.
Sina ufunguo wa ghorofa ya tano.
Nina kisu cha shaba.

Nikalifungua jibu la Bi. Trenoweth,
nikajaza jina, nikajaza tarehe.
Kisha nikarudi kwenye sentensi ya kwanza
nikafuta *kwa kina*.
Nikaisoma tena. Ilikuwa fupi zaidi.
Bado ilikuwa uongo.
Nikafuta na *tumelitafakari*.
Yakabaki maneno mawili, *suala lako*,
na kile kijistari cheusi cha kompyuta pembeni yake
kikiwaka, kikizima,
nami nikakihesabu.