Nukta

Limeletwa kwangu tena, kama kila arusi,
ndani ya leso mbili na harufu ya karafuu:
gauni jekundu la hariri, la Mwana Barke,
mama wa nyanya yetu, wa mtaa wa Mkomani,
ambaye, husemwa, aliletewa na mumewe kutoka Surati
kwa bei ya ng'ombe watatu, au wanne,
hutegemea msimuliaji ameshiba vipi.

Mimi silijui kwa nje.
Nje ni kwa wapiga vigelegele.
Nalijua kwa ndani, kwenye mishono:
hapa kiunoni nililitoa vidole viwili kwa ajili ya Swafia,
aliyekula mahamri mwezi mzima kwa hofu;
hapa kwapani nyanya alitia kiraka cha foronya
kwa kuwa mama alikuwa na mabega ya mchota maji;
hapa pana doa la samli ambalo hatulitaji.
Wanawake wanne wamepita humu, ndivyo tuhesabuvyo.
Mimi sikupita.
Posa yangu ilikuja, ikarudi,
nikanunua cherehani.

Usiku umeme umekatika. Punda wa jirani anakohoa kichochoroni.
Nimeishika tochi ya simu kwa meno
nifumue utepe wa zari shingoni, umechakaa,
nitie mwingine.
Chini ya zari, kwenye hariri ambayo haijaona jua,
rangi bado mbichi, komamanga lililopasuliwa leo,
na matundu.
Matundu madogo ya sindano, yamejipanga.
Uzi umechomolewa, jina limebaki
kama nyayo za kaa juu ya mchanga mkavu.
Nimefuatisha kwa ukucha:
nukta moja juu. Mbili chini. Moja juu tena.

Barke ana nukta moja tu, nayo iko chini.

Nimesoma mara tatu, kama mwanachuoni aogopaye bakora.
Ze. Ye. Alifu. Nuni. Na he ya mwisho.
Zeyana.
Hatuna Zeyana. Si kwa mama, si kwa baba,
si kwenye khitima, tutajapo maiti wetu mmoja mmoja.

Asubuhi nimempelekea mama uji.
Siku hizi hakumbuki kama ameswali,
nami nimemrushia ghafla, jina tupu: Zeyana?
Akatazama kidaka kilipokuwa kikombe cha Kichina,
akasema, kwa sauti ya msichana:
"Letu liliuzwa mwaka wa njaa. Tukalila.
Madebe mawili ya mtama.
Hili mama alilinunua baadaye kwa mjane, kule Shela,
alilikunja huku akilia.
Tukaapishwa tusiseme."
Kisha akaomba sukari.

Nimekaa na neno hilo. Nimelipima
kama nipimavyo kitambaa, mkono hadi pua.
Sindano ya nani ilirudi nyuma,
tundu kwa tundu, ikila jina la mtu?
Ya nyanya, nani mwingine. Mikono ile ile
iliyonifundisha kupiga bandi na kuficha fundo.
Simlaumu. Alikuwa na mabinti wa kuoza
na hadithi ya kuwavisha.

Basi nimetunga uzi mwekundu, hariri nayo nyekundu,
usioonekana ila kwa kidole,
nikapita kwenye matundu yale yale.
Sikutoboa jipya.
Sindano iliijua njia.
Nukta ya mwisho nimeipiga fundo mara mbili,
nikashona zari juu yake.

Alhamisi Thureya amekaa, hina mpaka kiwikoni,
asumini kichwani, wageni wanasukumana mlangoni.
Swafia anawaeleza: la Mwana Barke, kutoka Surati,
ng'ombe watano.
Mimi niko nyuma ya kiti, pini mdomoni.
Thureya amenigeuzia uso kidogo:
"Halati, kuna kitu kinanikuna shingoni."
"Uzi tu," nimemwambia. "Tulia. Utazoea."